Saiti ya kampuni ina vijumba vitupu? Namna ya kutoa wijeti za zamani na kuweka zinazocheza

Wadau wa Arusha na Moshi, hasa nyie wenye kampuni za utalii, lodji na wale wa kahawa, hii ni kwa ajili yenu na kwa vijana wanaowatengenezea websaiti. Ukipitia saiti za kampuni zetu kuanzia Sakina mpaka Njiro, alafu ushuke mpaka Moshi mjini, bado unakutana na saiti nyingi zilizojengwa miaka ile ya 2006 mpaka 2014 hivi, kampuni yenyewe iko hai kabisa, magari yapo, wageni wanapanda mlima kila wiki, lakini ukurasa wa mbele una shimo jeupe katikati au kijumba cha kijivu kinachosema plagini haitumiki. Pale palikuwa na video, au ramani ya njia za mlima, au picha zilizokuwa zinabadilika zenyewe, ndo hizo naziita wijeti. Mgeni aliyeko Ujerumani hajui kama pale palikuwa na kitu, yeye anachoona ni saiti iliyotelekezwa, na mtu anayetaka kukukabidhi maisha yake mita 5,895 juu ya usawa wa bahari anaanza kujiuliza kama saiti imetelekezwa hivi je mitungi ya oksijeni ikoje.

Msimamo wangu nauweka mapema. Usikimbilie kujenga saiti mpya, na usikubali mtu akwambie lazima uanze upya kwa mamilioni kwa sababu tu ya vijumba hivyo. Kazi yenyewe ni kuokoa kilichokuwa ndani ya kila wijeti, kuamua kama bado kinahitajika, alafu kukirudisha kwa vitu ambavyo brauza tayari inavyo ndani yake bila plagini yoyote. Ukifanya kwa mpangilio huo utashangaa kazi ilivyo ndogo.

Kwanza, kwa nini vimekufa

Zamani brauza ilikuwa haijui kucheza video yenyewe. Ilikuwa inaazima nguvu kwa programu za pembeni, ndo hizo plagini: Flash ya Adobe, Silverlight ya Microsoft, Java, RealPlayer, QuickTime, Windows Media Player. Kila moja ilikuwa na mlango wake wa kuingilia kwenye kompyuta ya mtu na wezi wa mtandaoni wakaipenda sana hiyo milango. Wakati huo huo simu zikaingia. iPhone haijawahi kucheza Flash tangu ilipotoka 2007, na upande wa Android Adobe wenyewe waliiondoa Flash kwenye Google Play Agosti 2012. Maana yake kwa mtu wa simu wijeti yako ilikufa zaidi ya miaka kumi iliyopita, we uliendelea kuiona kwa sababu ulikuwa unaangalia kwenye kompyuta ya ofisini.

Kwenye kompyuta mambo yakaenda taratibu. Chrome ilifunga ule mlango wa plagini za zamani 2015, Firefox ikafuata 2017 ikaiacha Flash peke yake, Julai 2017 Adobe wakatangaza kwamba Flash inaisha, na tarehe 31 Desemba 2020 ikaisha kweli. Tarehe 12 Januari 2021 kizuizi walichokuwa wameweka ndani ya Flash yenyewe kikaanza kufanya kazi, kwa hiyo hata mtu mwenye kompyuta ambayo bado ina Flash, mara nyingi haichezi. Chrome 88 na Firefox 85 zilitoka mwezi huo huo zikiwa hazina Flash kabisa, Safari, ile brauza ya Apple, ilishaitoa tangu toleo la 14 mwaka 2020. Silverlight ikazikwa Oktoba 2021. Na haijaishia hapo, hata fomati ya video ya Theora ambayo haikuhitaji plagini yoyote, faili zake huwa zinaishia na .ogv, Chrome na Firefox zimeitoa mwaka 2024. Kwa hiyo hakuna kumwambia mgeni "weka Flash alafu urudi", hiyo sentensi kama bado iko kwenye saiti yako ifute leo.

Bekapu kabla ya kugusa chochote

Ingia cPanel, ule ukurasa wa kusimamia seva ya saiti yako, chukua nakala ya folda zima la public_html linalobeba faili za saiti, na databesi kama ipo, shusha kwenye laptopu, alafu kopi nyingine weka kwenye flashi ya USB au hard disk ya nje. Fanya asubuhi au usiku intaneti ikiwa na afya, na kama umeme wa mtaani kwenu unakatika katika hakikisha laptopu ina chaji, maana bekapu iliyokatika katikati ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, unaiamini kumbe nusu haipo. Jaribu kulifungua hilo faili la zip uone kama linafunguka.

Kama fundi wa zamani alishaondoka na baadhi ya faili hazipo kwenye seva, pita Wayback Machine ya Internet Archive, andika anwani ya saiti yako uangalie nakala za miaka ya nyuma. Mara nyingi picha na maneno unayapata, video mara chache.

Kagua, andika orodha

Fungua kila ukurasa, bonyeza Ctrl na U uone kodi yake, alafu Ctrl na F utafute haya maneno moja moja: embed, object, applet, .swf, .flv, .wmv, .rm, .mid, bgsound, na http:// yenye kuita kitu cha nje. Kila unapopata andika kwenye daftari ni ukurasa gani na kilikuwa kinaonyesha nini. Alafu bonyeza F12, nenda kwenye konsoli, mistari myekundu yote inakwambia kitu gani kimegoma. Kama saiti ni ya WordPress angalia pia orodha ya plagini zake (hizi ni viongezo vya saiti yenyewe, sio zile za brauza), ile ambayo haijapata apdeti miaka mingi na inahusu slaidi, galari au pleya ya muziki ndo mshukiwa wa kwanza.

Usimkabidhi mtu mwingine hii hatua kama hamjakaa naye mkaongea. Kijana wa kompyuta anajua kodi ila hajui kwamba ile picha iliyokuwa inazunguka ndo iliyokuwa inaonyesha gari zenu zenye paa la kufunguka, hilo analijua bosi.

Vingine ni vya kufuta tu

Hapa watu wengi wanakwama kwa sababu wanaona kila kilichokuwepo lazima kirudi. Hapana. Kaunta ya kuhesabu waliotembelea, toa. Saa inayoonyesha muda wa Tanzania, toa, andika tu kwamba tuko masaa matatu mbele ya UTC inatosha. Ule ukurasa wa mwanzo wenye simba anayetembea alafu kuna kitufe cha kuruka, toa bila huruma, mgeni aingie moja kwa moja ndani. Muziki unaojipiga mtu akifungua, toa, na hata ukitaka uurudishe brauza zenyewe hazikubali, Chrome tangu Aprili 2018 inazuia sauti kujicheza kabla mtu hajabonyeza kitu.

Vitufe vya mawasiliano navyo viangalie. Bado kuna saiti za safari zina kile kisura cha Yahoo Messenger cha kuonyesha kama uko onlaini, na hiyo huduma ilifungwa Julai 2018. Kitufe cha Google+ kilikufa Aprili 2019. Kitufe cha Skype ndo usiseme, kampuni zetu zilikipenda sana kwa sababu ya kuongea na wageni wa nje, na Skype imefungwa Mei 2025. Vyote hivyo badala yake weka linki ya kawaida ya WhatsApp, inaandikwa https://wa.me/ ikifuatiwa na namba yako kuanzia 255 bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mbele. Hiyo ni linki tu, haina skripti ya mtu wa nje, haiwezi kuozea mikononi mwako.

Video, hapa tukae

Video ndo kitu cha thamani kuliko vyote kwenye hizi saiti na ndo kinachotupwa kwa uzembe kuliko vyote. Mtu anaona kijumba kimekufa anadhani video imekufa. Sio hivyo. Kilichokufa ni pleya, faili lenyewe la video mara nyingi bado limekaa kwenye seva halina shida yoyote.

Mama mmoja mwenye biashara ya kupeleka wageni Materuni kwenye maporomoko na kwenye kahawa aliniuliza, "Mwanangu, kwa hiyo ile video ya baba akitwanga kahawa ndo imepotea?" Mzee mwenyewe alishafariki na hawakuwa na kopi nyingine. Nikamwambia, mama subiri kwanza tuangalie. Kodi ya ukurasa ilikuwa hivi:

`<embed src="player.swf" width="480" height="360" flashvars="file=kahawa.flv">`

Unaona hapo mwishoni. player.swf ndo pleya iliyokufa, lakini imeandikwa inacheza faili gani, kahawa.flv. Ukienda kwenye folda unaikuta. Ifungue kwa VLC, pleya ya bure ya kompyuta, inacheza, mzee yuko pale pale na kinu chake anaimba na wageni wanapokezana mchi. Sasa kinachobaki ni kuibadilisha iwe MP4.

Programu ya kufanyia ni FFmpeg, ni ya bure, na kama hupendi kuandika amri tumia HandBrake ambayo ina vitufe. Mi nakushauri ujifunze FFmpeg kwa sababu inakuonyesha kilichomo kabla hujabadilisha. Kwenye dirisha la amri la kompyuta yako, ukiwa ndani ya folda lenye video, andika:

`ffmpeg -i kahawa.flv`

Itakutolea maelezo, tafuta mstari wa Video na wa Audio. Kama kwenye Video imeandikwa h264 una bahati kubwa, maana picha zenyewe tayari ziko kwenye mfumo ambao brauza zote zinaujua, ni kama mchele ulioko kwenye gunia chakavu, unahamisha gunia tu mchele hauguswi. Amri yake:

`ffmpeg -i kahawa.flv -c:v copy -c:a aac -b:a 128k -movflags +faststart kahawa.mp4`

Hiyo copy maana yake usiichakate upya picha, kwa hiyo ubora haupungui hata kidogo na kazi inaisha fasta. Sauti naibadilisha kwenda AAC kwa sababu FLV nyingi zina sauti ya MP3 na kuna vifaa vinasumbua ukiiweka ndani ya MP4. Ile ya Materuni ilikuwa h264, kwa hiyo mama kapata video yake kama ilivyorekodiwa.

Kama imeandikwa flv1 au vp6f au wmv au kitu kingine chochote basi lazima uichakate upya:

`ffmpeg -i zamani.wmv -c:v libx264 -crf 23 -preset slow -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 128k -movflags +faststart mpya.mp4`

Nieleze vipande vyake maana watu wanakopi bila kujua. libx264 ndo kinachotengeneza H.264, fomati ambayo simu ya itel ya bei ya chini na iPhone ya kisasa zote zinacheza. crf ni ubora, namba ikipungua ubora unapanda na faili linakua kubwa, 23 ndo ya kawaida, 26 bado inafaa kwa video ya kuonyesha mandhari tu. yuv420p ukiisahau kuna brauza zitakuonyesha weusi mtupu. Na faststart ndo muhimu kuliko watu wanavyodhani, inahamisha ile sehemu ya maelezo ya faili kutoka mwishoni kuja mwanzoni, bila hiyo kuna mtu atasubiri sana ndo video ianze, na kwa intaneti ya kuchechemea atafunga aondoke zake.

Video ndogo ya zamani ya 480 kwa 360 usiilazimishe iwe kubwa, haitaongezeka uzuri, iache na saizi yake. Ila video mpya uliyopiga kwa simu ipunguze, ongeza `-vf "scale=-2:720"` kabla ya jina la faili la mwisho. Fanya hesabu: video ya dakika 1 kwa kasi ya megabiti 1.5 kwa sekunde ni kama MB 11, wakati iPhone yenyewe kwenye mipangilio yake inakwambia dakika 1 ya 1080p ni karibu MB 60. Hizo MB 60 analipia mgeni, na analipia pia mpagazi wako anayetaka kumwonyesha ndugu yake kazi anayofanya, kwa bando la kupima.

Na tukiwa hapo kwenye iPhone, kuna mtego mpya ambao unafanana kabisa na ule wa zamani. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017 simu zao zinarekodi kwa HEVC na picha zinahifadhi kwa HEIC. Mgeni anakutumia klipu nzuri sana ya kule kambi ya Barafu, unaipandisha kama ilivyo, kwako inacheza, kwa mwingine inatoa sauti bila picha kwa sababu HEVC inategemea kifaa cha mtu. HEIC ndo kabisa, nje ya Safari haionekani. Video ipitishe kwenye amri ile ile ya juu iwe H.264, na picha zigeuze JPEG au WebP.

Sasa kuiweka kwenye ukurasa. Toa ile object na embed yote na tagi zilizo ndani yake, weka hii:

`<video controls playsinline preload="none" poster="kahawa.jpg" width="480" height="360" style="max-width:100%;height:auto">`
`<source src="kahawa.mp4" type="video/mp4">`
`<a href="kahawa.mp4">Pakua video</a>`
`</video>`

preload ikiwa none simu haishushi chochote mpaka mtu abonyeze, poster ndo picha inayokaa pale kabla hajabonyeza kwa hiyo chagua picha nzuri, sio ile ya giza ya sekunde ya kwanza. playsinline inazuia iPhone kuivuta video ijaze skrini nzima. Kama unataka ile video ya kimya inayojicheza juu ya ukurasa, basi weka autoplay, muted, loop na playsinline zote kwa pamoja, ukiacha muted haitajicheza, na ifanye iwe ya sekunde chache tu.

Jina la faili liandike kwa herufi ndogo bila nafasi. Seva nyingi ni Linux na kwake Kahawa.MP4 na kahawa.mp4 ni mafaili mawili tofauti, kwenye laptopu yako ya Windows inakubali alafu ukipandisha inagoma na unaanza kulaumu brauza.

Sauti tupu, kwa mfano mahojiano au nyimbo za wapagazi, ni tagi ya audio kwa mtindo huo huo, faili la MP3 linatosha.

Waliotumia YouTube

Hawa kazi yao fupi. Kodi ya zamani ya YouTube nayo ilikuwa object na embed ya Flash, YouTube yenyewe ikaifanya pleya ya kawaida ya brauza kuwa ndo ya kwanza kutumika Januari 2015. Nenda kwenye video, bonyeza kushiriki, chukua kodi mpya ya iframe (tagi ya kupachika ukurasa wa nje ndani ya wako), pesti badala ya ya zamani, ongeza `loading="lazy"` ili isishuke mpaka mtu afike pale. Mwisho wa anwani weka `?rel=0`, video zitakazopendekezwa mwishoni zitakuwa za chaneli yako na sio za kampuni nyingine ya safari, hilo kwa mji wenye ushindani kama Arusha sio jambo dogo.

Ramani ya njia na menyu za Flash

Hii ndo ngumu kidogo kwa sababu .swf sio video, ni programu nzima yenye maneno, picha na vitufe vyote vimefungiwa ndani. Kuna njia mbili.

Ya muda mfupi ni Ruffle. Ni programu ya bure inayoiga Flash ndani ya brauza bila plagini, Internet Archive wanaitumia kuonyesha michezo na katuni za zamani tangu Novemba 2020. Unashusha folda lake, unalipandisha kwenye seva yako, unaweka `<script src="/ruffle/ruffle.js"></script>` kwenye ukurasa na yenyewe inatafuta embed zote za Flash inazifufua. Inafaa kwa vitu vya kihistoria au mchezo wa watoto. Kwa ramani ya biashara mi siishauri kama suluhisho la kudumu, kwa sababu ile ramani ilichorwa kwa ajili ya mausi na skrini ya kompyuta, kwenye simu vitufe vinakuwa vidogo kama punje, na Google bado haisomi maneno yaliyo ndani.

Ya kudumu ni kutoa vilivyomo na kujenga upya. Shusha JPEXS, hiyo inafungua .swf na kukuonyesha picha, sauti, maneno na maumbo yote, unachagua unahifadhi. Alafu ukishavitoa jiulize ile ramani ilikuwa inamsaidiaje mgeni. Nyingi nilizoziona zilikuwa hivi: mlima umechorwa, una vitufe vya Marangu, Machame, Lemosho, Rongai na Umbwe, ukibonyeza kimoja panatokea maelezo. Hicho kitu brauza za sa hivi zinakifanya zenyewe bila skripti hata moja:

`<img src="ramani.webp" alt="Ramani ya njia za Kilimanjaro" width="900" height="600" style="max-width:100%;height:auto">`
`<details><summary>Marangu</summary><p>Mnalala kwenye vibanda: Mandara, Horombo, Kibo. Mnapanda na kushuka njia ile ile.</p></details>`
`<details><summary>Machame</summary><p>Mnalala kwenye mahema. Mnashukia Mweka.</p></details>`

Unaendelea hivyo kwa kila njia. Mtu akigusa jina linafunguka, akigusa tena linajifunga. Maneno yako wazi, mtu anaweza kuyakopi amtumie mwenzake, msomaji wa skrini wa mtu asiyeona anayasoma, Google inayasoma, na mwaka ukibadilika bei unabadilisha mwenyewe bila kumtafuta fundi. Nimeona watu wanalipia plagini kubwa ya ramani inayozunguka kwa kazi ambayo hii mistari michache inaimaliza, inaniuma kweli.

Menyu ya Flash nayo ni hivyo hivyo, igeuze orodha ya linki za kawaida. Na kama menyu yenyewe ndo ilikuwa Flash basi hiyo ishughulikie kabla ya video na kabla ya kila kitu, kwa sababu sa hivi mgeni hana namna ya kutoka ukurasa wa mbele.

Picha za kubadilika zenyewe, ushauri wangu chagua chache nzuri uzipange tu mtu ateremke aangalie. Kama bosi anang'ang'ania slaidi, panga picha kwenye mstari mmoja mtu azisukume kwa kidole, CSS, ile lugha ya kupamba ukurasa, inatosha. Zihifadhi kama WebP, brauza zote kubwa zinaijua tangu Safari nayo ilipoikubali 2020, na weka `loading="lazy"` kwa zote isipokuwa ile ya kwanza.

Ramani ya Google na kufuli

Kama ramani ya ofisi yenu inaonekana imefifia na maandishi yamejirudia juu yake, ni kwa sababu tangu katikati ya 2018 Google wanataka ufunguo na akaunti ya malipo kwa ile ramani ya skripti. Kwa kuonyesha ofisi iko wapi huihitaji. Fungua Google Maps, tafuta ofisi yako, bonyeza kushiriki, chagua kupachika ramani, kopi iframe. Bure, na haitaki ufunguo.

Kufuli, yani usalama wa https kwenye anwani, ndo kitu kingine. Kama saiti iko https lakini kodi ya ndani inaita skripti au iframe ya http, brauza inaizuia, na video ya http Chrome tangu 2020 inajaribu kuigeuza https, ikishindikana inaikataa. Kwa hiyo zile http:// ulizoandika kwenye daftari zibadilishe moja moja uhakikishe zinafunguka. Na kama saiti haina https kabisa, cheti cha Let's Encrypt ni cha bure na cPanel nyingi zina kitufe chake, bila hicho Chrome tangu Julai 2018 inamwandikia mgeni kwamba saiti sio salama.

Kujaribu

Usijaribu kwa laptopu uliyotengenezea na waifai ya ofisini, hiyo itakudanganya. Chukua Tecno au itel ya kawaida, zima waifai, washa data, fungua kwa dirisha la siri ili isikuletee kumbukumbu za zamani. Tafuta mtu mwenye iPhone, pale mjini hukosi. Jaribu pia Firefox. Angalia video inaanza, sauti ipo, picha haijapinda, maneno ya njia yanafunguka, linki ya WhatsApp inaenda kwenye namba sahihi. Fungua konsoli tena uone kama mistari myekundu imeisha. Alafu mtumie mgeni wa zamani mnayeheshimiana, yule wa Uholanzi au Marekani, mwombe afungue akwambie anachokiona, maana yeye ndo unayemtengenezea.

Muda mzuri wa kazi hii ni masika, Aprili na Mei, wageni wamepungua na ofisi ina nafasi ya kukaa chini na daftari. Ukianza Juni mlima ukiwa umejaa hakuna atakayekusikiliza. Anza na ukurasa wa mbele, alafu ukurasa wa bei, alafu zile zilizobaki taratibu.

Faili za asili, yani .flv, .swf na .wmv, zitoe kwenye seva ukishamaliza lakini usizifute, zihamishie kwenye ile disk ya nje pamoja na bekapu. Na kwa fundi aliyekufanyia kazi, dai vitu hivi kabla hujamlipa salio: nywila ya cPanel, nywila ya kule domeini ilikosajiliwa ikiwa kwa jina la kampuni na sio la kwake, picha na video zikiwa kwenye saizi kamili, na karatasi moja inayosema kila wijeti iliyobaki kwenye saiti inatoka wapi na nani anaihudumia.